Tulipika Matokeo: Historia ya Uchafu Ulio Ndani ya Waya

Wacha niungame kwanza. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, kabla sijaacha masomo, tulipewa zoezi la maabara ambalo kila mtu wa uhandisi analijua. Unapewa koili ya waya wa shaba, kipimajoto, chombo cha maji ya barafu na mita. Unapasha maji polepole, unaandika ukinzani wa waya kila baada ya digrii tano, halafu unachora grafu. Ukinzani, kwa wale walioacha fizikia kidato cha pili, ni kile kiasi ambacho waya unaukatalia umeme kupita. Waya ukipata moto unakataa zaidi, ukipoa unakataa kidogo. Kwa hivyo grafu inafaa kutoka mstari ulionyooka.

Yetu haikunyooka. Nukta za juu zilikaa sawa, lakini tatu za chini, zile za karibu na barafu, ziligoma kabisa. Tulikuwa watu watano kwa koili moja na muda ulikuwa umeisha. Msee mmoja akatoa simu, alikuwa na ripoti ya wale waliotutangulia. Tukafuta nukta zetu tatu, tukaweka zao. Tukapata alama nzuri sana.

Kama umesoma sayansi Kenya, hauhitaji kuelezwa kupika matokeo ni nini. Tulianza sekondari. Unajua jibu linalotakikana, kwa hivyo unarudi nyuma kutoka kwa jibu hadi kwa vipimo. Sijaandika haya kumsuta mtu, mimi mwenyewe nilikuwa mpishi hodari. Lakini mwaka huu nimekuwa nikisoma historia ya zoezi hilo hilo, ukinzani wa waya unapopozwa, na nimegundua kitu ambacho hakuna mtu alituambia tukiwa pale maabara. Zile nukta za chini zinazogoma ndizo zilizobeba historia yote. Watu walibishana juu yake kwa miaka mia moja na zaidi.

Basi keti nikupe hadithi.

Tuanze London, miaka ya 1850. Wakati huo biashara kubwa ilikuwa telegrafu, na ndoto kubwa ilikuwa kulaza waya chini ya bahari ya Atlantiki, kutoka Ulaya hadi Amerika. Waya wa kwanza ulilazwa 1858. Ulifanya kazi kama wiki tatu hivi, ukafa. Sababu kubwa ilikuwa kwamba ulikuwa umetengenezwa vibaya na kusukumiwa umeme mkali kupita kiasi, lakini hasara hiyo iliamsha watu. Serikali ya Uingereza na kampuni ya waya wakaunda kamati ya kuchunguza kila kitu, hadi shaba yenyewe. Tayari William Thomson, yule ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikuwa ameona kwamba shaba mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana sana katika kupitisha umeme.

Aliyepewa kazi ya kupima shaba ni mkemia aliyeitwa Augustus Matthiessen. Mkono wake wa kulia ulikuwa na mtetemo tangu utotoni, na bado alichagua kazi ya vipimo vidogo vidogo. Alipima shaba kutoka migodi tofauti ya dunia. Ile ya Rio Tinto, Uhispania, ilikuwa mbaya hivi kwamba haikupita chuma cha kawaida katika kupitisha umeme. Ukiishika ni shaba, rangi ni ya shaba, bei ni ya shaba. Shida ilikuwa uchafu mdogo ndani yake, hasa aseniki.

Hapa nisimamishe kidogo, maana neno uchafu litarudi sana. Sizungumzii vumbi wala kutu. Ni atomu za kitu kingine zilizoingia katikati ya atomu za shaba, labda moja kwa elfu, labda moja kwa milioni. Hauzioni kwa macho wala hauziondoi kwa kusugua.

Mwaka wa 1864, Matthiessen na mwenzake Carl Vogt wakatoa kanuni ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la Matthiessen. Walisema ukinzani wa metali una sehemu mbili. Ya kwanza inatokana na joto, na inapungua ukipoza. Ya pili inatokana na uchafu, na hiyo haijali joto. Iko pale pale, uchemshe waya au uugandishe.

Njia rahisi ya kuielewa ni hii. Chukua mtu wa mkokoteni anayepita Gikomba saa sita mchana. Anazuiwa na vitu viwili: watu wanaosukumana kila upande, na mashimo barabarani. Watu ni joto. Atomu za waya moto zinatikisika, na elektroni zinagongana nazo zikipita. Usiku watu wakienda nyumbani, njia inafunguka. Lakini mashimo hayaendi nyumbani. Mashimo ndiyo uchafu. Matthiessen alikuwa anasema kwamba usiku wa manane kabisa, mtu akiwa peke yake na mkokoteni wake, kile kinachobaki kumsumbua ni mashimo tu.

Safi. Lakini hakuna mtu wakati huo aliyekuwa na njia ya kufika usiku wa manane. Baridi ya kweli haikuwepo.

Ilianza kupatikana miaka ya 1890, hapo hapo London, kwa James Dewar, yule jamaa ambaye chupa zake za kuhifadhi baridi ndizo babu wa chupa ya chai iliyo kwenu nyumbani. Dewar na John Ambrose Fleming walitumbukiza nyaya ndani ya oksijeni iliyogeuzwa kuwa maji, kama digrii 180 chini ya sufuri. Metali safi zilishuka ukinzani haraka, na ukiendeleza mstari wa grafu kwa rula, ulionekana kuelekea sufuri mahali baridi inapoishia, digrii 273 chini ya sufuri. Wanasayansi wanaita hapo sufuri kamili, na wanahesabu kuanzia hapo kwa kipimo cha kelvini. Metali zilizochanganywa, kwa upande mwingine, hazikushuka sana. Kanuni ya Matthiessen ilikuwa inajionyesha.

Mwaka wa 1898 Dewar akapata haidrojeni ya maji, kelvini kama 20 tu juu ya mwisho wa baridi. Na hapo nukta zikaanza kugoma. Kipimajoto chake cha platinamu, ambacho kinafanya kazi kwa kupima ukinzani, kilikuwa kinadanganya. Mstari ulikuwa unalala badala ya kuendelea kushuka.

Sasa mabishano yakaanza. Kama ni leo ungesema watu walichukua timu. Wengine wakasema ukinzani utaendelea kushuka polepole hadi sufuri. Wengine wakasema utasimama kwa kiwango fulani kwa sababu ya uchafu. Na Kelvin mwenyewe, mzee mkubwa wa fizikia Uingereza, akatoa wazo 1902 kwamba kwenye baridi kali elektroni zitaganda kwa atomu zao, umeme ukose kitu cha kuubeba, na ukinzani upande bila mwisho. Watu wenye akili, majibu matatu tofauti, hakuna kipimo.

Aliyeleta kipimo ni Heike Kamerlingh Onnes, wa Leiden, Uholanzi. Tarehe 10 Julai 1908 aligeuza gesi ya heliamu kuwa maji kwa mara ya kwanza duniani. Alipata mililita kama 60, haijazi kikombe cha chai. Ilikuwa inachemka kwa kelvini 4.2, yaani digrii 269 chini ya sufuri. Kwa miaka kumi na tano hivi iliyofuata, hakuna maabara nyingine ilifika huko.

Na hapa kuna jambo ambalo linanigusa mimi kama mtu asiye na digrii. Onnes hakufika huko peke yake. Mwaka wa 1901 alikuwa ameanzisha mpango wa kufunza vijana ufundi wa vyombo na wa kupuliza vioo, mle mle kwenye maabara. Waliitwa vijana wa bluu kwa sababu ya makoti yao. Fundi mkuu wa mashine za baridi alikuwa Gerrit Flim, na wa vioo alikuwa Oskar Kesselring. Bila mikono yao, hiyo heliamu ingebaki hewani.

Onnes akaanza na platinamu. Ikaposhwa, ukinzani ukashuka, halafu ukasimama. Haukupanda kama Kelvin alivyosema, na haukuisha. Akajaribu dhahabu. Dhahabu iliyokuwa safi zaidi ilibaki na ukinzani mdogo zaidi. Akafikia uamuzi: kinachobaki ni uchafu. Kwa hivyo nikipata metali safi kabisa, nitaona ukinzani ukifika sufuri.

Metali gani unaweza kusafisha hadi mwisho? Zebaki. Kwa sababu ni maji kwa joto la kawaida, unaweza kuichemsha na kukusanya mvuke wake, mara moja, mara mbili, mara nyingi, kila mara ukiacha uchafu nyuma. Wakaijaza kwenye vijiti vyembamba vya kioo, wakaigandisha. Tarehe 8 Aprili 1911 wakapima. Ukinzani ulikuwa umeisha, mita haikuona kitu.

Ungekuwa wewe, si ungefunga kitabu uende nyumbani? Alikuwa ametabiri sufuri, amepata sufuri. Alama ishirini kwa ishirini. Lakini walirudia. Wakapima tena mwezi wa tano, wakapima tena Oktoba, sasa polepole, kila hatua ndogo ya joto. Na nukta zikagoma. Onnes alitarajia mteremko wa pole. Walichoona ni shimo: karibu kelvini 4.2, ukinzani uliporomoka ghafla kutoka kama omu 0.1 hadi chini ya omu 0.00001, ndani ya sehemu ndogo tu ya digrii. Hakuna nadharia ya wakati huo ilikuwa na nafasi ya kitu kama hicho. Mara ya kwanza kuona jambo kama hilo, mtu anafikiria nyaya zimegusana mahali. Wakakagua, wakarudia, likabaki.

Hicho ndicho tunaita supakondakta leo, metali ambayo umeme unapita bila kukataliwa kabisa. Mashine za MRI hospitalini zinaitumia. Lakini sikiza sehemu tamu. Baadaye Onnes akachukua zebaki, akaitia dhahabu na kadimiamu makusudi, yaani akaichafua. Bado ukinzani uliisha! Ule usafi wote alioupigania haukuwa sababu. Alifika mahali pa kweli kwa njia ya wazo lisilo sahihi, na tunalijua hilo kwa sababu alikubali kulipima wazo lake hata baada ya kushinda. Maelezo ya kweli yalikuja 1957 kutoka kwa Wamarekani watatu, Bardeen, Cooper na Schrieffer. Onnes mwenyewe alipata Nobeli 1913.

Na yule aliyekuwa ameketi kwenye mita siku ile ya Aprili? Alikuwa kijana aliyeitwa Gilles Holst. Karatasi ya kutangaza ugunduzi ilitoka na jina la Onnes peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya pale, na Holst alienda kuongoza maabara ya utafiti ya Philips na akafanikiwa sana. Lakini uliza mtu yeyote nani aligundua supakondakta, uone kama utatajiwa Holst.

Sasa, kama uchafu haukuhusika na zebaki, kwani Matthiessen alikosea? La. Kwa metali za kawaida kama shaba na dhahabu, alikuwa sahihi kiasi kwamba leo kanuni yake imegeuzwa kuwa kipimo cha biashara. Ukitaka kujua shaba ni safi kiasi gani, unapima ukinzani wake kwa joto la chumba, unapima tena ndani ya heliamu, unagawanya. Namba ikiwa kubwa, metali ni safi. Metali ya niobiamu inayotengenezewa mashine za kuharakisha chembe hutakikana iwe na namba kama 300.

Hadithi ingeishia hapo kama si Leiden tena. Mwaka wa 1934, miaka minane baada ya Onnes kufa, watafiti watatu, de Haas, de Boer na van den Berg, walikuwa wanapima dhahabu. Ukinzani ukashuka vizuri kama kitabu kinavyosema. Halafu, kwenye kelvini chache za mwisho, ukaanza kupanda tena.

Rudi Gikomba. Ni usiku wa manane, watu wameenda wote, na mashimo ni yale yale. Halafu kadiri usiku unavyozidi kuwa baridi, mkokoteni unazidi kuwa mgumu kusukuma. Haiingii akilini. Si Matthiessen alisema uchafu haujali joto?

Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo. Hiyo ndiyo nukta ambayo sisi watano tungeifuta bila kuangaliana usoni. Wao waliichapisha bila maelezo, kwa sababu hawakuwa nayo. Ikakaa pale miaka thelathini. Watu wakaendelea kuipata kwa metali nyingine, na polepole wakaanza kushuku kwamba inatokea pale ambapo kuna chembechembe za chuma au manganisi ndani, hata kama ni kidogo sana.

Mwaka wa 1964 mlango ukafunguka kutoka pande mbili. Upande mmoja alikuwa Myriam Sarachik. Huyu mama alizaliwa Antwerp, Ubelgiji, 1933, katika familia ya Kiyahudi. Walikimbia Wanazi, wakaishi Kuba miaka kadhaa, wakaishia New York. Alipomaliza uzamifu alihangaika kupata kazi ya utafiti, akiwa na mtoto mchanga, wakati ambapo wengi waliamini mwanamke wa aina yake anafaa kukaa nyumbani. Akapata nafasi ya miaka miwili tu Bell Labs. Huko akachukua mchanganyiko wa niobiamu na molibdenamu, akautia chuma kidogo, akabadilisha vipimo vya mchanganyiko hatua kwa hatua. Alichoonyesha ni hiki: ukinzani unapanda tena pale tu ambapo atomu ya chuma imebaki na usumaku wake. Mahali ambapo chuma kimepoteza usumaku, hakuna kupanda.

Upande wa pili alikuwa Jun Kondo, Mjapani, ambaye mwaka huo huo alitoa hesabu ya kwa nini. Kwa maneno yangu ya mtaani: atomu yenye usumaku si shimo, ni mlinzi. Shimo halikumbuki nani amepita. Mlinzi anakumbuka. Elektroni ina usumaku wake mdogo, na ikipita inaweza kumgeuza mlinzi. Inayofuata inamkuta amegeuka, kwa hivyo inapokelewa tofauti. Mchana, kukiwa na fujo ya joto, hakuna anayeona. Usiku kukitulia, huko kukumbukana kunaongezeka, na ukinzani unapanda.

Hesabu ya Kondo ililingana na vipimo vizuri sana, lakini ilikuwa na tatizo lake: ukiisukuma hadi sufuri kamili, inasema ukinzani hauna mwisho, jambo ambalo haliwezekani. Na Kondo hakulificha. Likaitwa tatizo la Kondo, na likawatesa watu hadi 1975, Kenneth Wilson alipolimaliza kwa mbinu mpya za hesabu, zile zile zilizompa Nobeli 1982 kwa kazi nyingine iliyo karibu na hiyo. Mwaka wa 1998 watafiti waliona tabia hiyo hiyo tena, safari hii kwenye mitego midogo ya elektroni iliyotengenezwa na binadamu.

Kwa hivyo hesabu nami. Waya wa telegrafu, platinamu ya Dewar, zebaki ya Onnes, dhahabu ya 1934, chuma cha Sarachik. Kila mara kulikuwa na mstari ambao kila mtu aliutarajia, na kulikuwa na nukta chache za chini zilizokataa. Na kila mara kuna mtu aliyeziacha kwenye karatasi.

Sitaki nikudanganye. Nukta nyingi zinazogoma ni makosa tu. Zetu pengine zilikuwa makosa, labda koili haikuwa imepoa sawasawa na maji, labda kiungio kilikuwa kibovu. Sikukosa Nobeli siku hiyo. Lakini Holst na wenzake pia walishuku nyaya zimegusana. Tofauti yetu na wao ni kwamba wao walirudi wakaangalia. Sisi hadi leo hatujui nini kilikuwa kibaya na ile koili, kwa sababu tulifuta ushahidi.

Na najua utaniambia: boss, vifaa havitoshi, muda ni saa mbili, watu watano koili moja, na mwalimu anasahihisha kwa jibu la kitabu. Kweli. Ndiyo maana silaumu wanafunzi. Nalaumu utaratibu wa kutoa alama unaomlipa mtu kwa kupata mstari, na usiompa kitu kwa kuandika, "hapa pamegoma, na hivi ndivyo tulivyoangalia." Ukibadilisha hiyo alama moja, kupika kutaisha bila kufukuza mtu yeyote. Haihitaji bajeti ya serikali.

Kwa wale bado mko chuoni: wiki ijayo nukta ikigoma, iache. Andika tu chini yake kwamba mlirudia mara mbili ikabaki pale. Mkipoteza alama mbili, njooni hapa mnitusi. Na kwa wale tuliopika, niambie ulikuwa unapima nini, na nukta gani ulifuta.